Watatu Waliotaka Kuwa Bwana Najua

Kituo cha redio kilikuwa juu ya duka la magodoro, na hilo liliwafaa sana, maana kuta za studio zilizibwa kwa magodoro yaliyochanika ambayo mwenye duka hakuweza tena kuyauza. Ndani ya chumba hicho chenye harufu ya sponji ndimo mtunzi wa michezo ya redio alimomzaa Bwana Najua.

Bwana Najua alikuwa mtu wa kubuni, mume wa mtu, jirani wa watu, na mjuzi wa kila kitu chini ya jua. Ukimwambia jino linakuuma, anajua dawa. Ukinunua kabati, anajua lilivyopaswa kusimama. Kila Alhamisi jioni alijikaribisha katika nyumba ya mtu, akakunja mikono ya shati na kusema maneno ambayo hata watoto wa shule walishayakariri: "Sogeeni, mpeni nafasi anayejua!" Hapo wasikilizaji walianza kujishika mbavu mapema kabisa, kwa kuwa walijua muda si mrefu kitu kitalia pu!, maji yatamwagika au ukuta utaanguka, na mke wa Bwana Najua ataangua kile kicheko chake kirefu cha kupanda na kushuka.

Mtunzi mwenyewe, ambaye kazini walimwita Dada Mtunzi, alikuwa mwanamke mpole asiyependa ugomvi hata wa kugombea kiti. Siku aliyosikia mlango wake ukigongwa mara moja tu, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa mgonjwa, alijua ni wakili wa kituo, na alijua kuna balaa.

Wakili huyo walimbandika jina la Huenda. Ukimuuliza kama mvua inanyesha, naye amelowa chapachapa, atakujibu, "Huenda." Kazi yake ilikuwa kusoma maneno kabla hayajaenda hewani na kuyatoa yale yanayoweza kuleta kesi, na kwa maoni yake hakukuwa na neno lisiloweza kuleta kesi. Aliwahi kufuta "habari za asubuhi" kwenye taarifa moja kwa sababu hapakuwa na uthibitisho kwamba ni asubuhi kwa kila msikilizaji.

"Keti," akamwambia Dada Mtunzi.

"Nimeketi, wakili."

"Ah. Basi endelea kuketi." Akaweka karatasi mezani. "Tumelalamikiwa katika Baraza la Malalamiko ya Utangazaji. Mtu anasema Bwana Najua ni yeye. Anasema tumemkashifu, tumemfanya kichekesho mbele ya wakwe zake, na anataka mchezo ufungiwe."

Ukweli ni kwamba Bwana Najua hakutoka hewani. Alitoka nyumbani. Alikuwa mjomba wake wa damu, kaka wa mama yake, mtu aliyemlea tangu alipokuja mjini kusoma, na ambaye mpaka leo alikuwa anaishi naye. Kama ni mjomba aliyelalamika, basi hapakuwa na baraza la kumwokoa.

"Ni nani huyo?" akauliza, sauti ikiwa imepungua.

"Mkaguzi wa shule mstaafu."

Dada Mtunzi akashusha pumzi ambayo karibu ipeperushe zile karatasi. "Simjui hata kidogo!"

"Pia mwenye duka la dawa kule barabara ya juu."

"Huyo naye amefanya nini?"

"Anasema Bwana Najua ni yeye. Na kuna mwalimu wa udereva. Naye anasema ni yeye." Wakili akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Walalamikaji watatu, Bwana Najua mmoja."

"Basi si tumeshinda? Hawawezi kuwa yeye wote."

"Huenda. Sikiliza. Ili mtu ashinde madai ya kashfa, lazima maneno yawe yametangazwa. Yametangazwa, kwa bahati mbaya. Lazima yamshushe mtu heshima. Mtu aliyeziba bomba la choo kwa birika la jirani ameshushwa. Na lazima watu wenye akili timamu wakisikiliza wajue anayesemwa ni nani. Hapo ndipo penye kesi." Akainama, akanong'ona ijapokuwa magodoro yalikuwa yamewazunguka pande zote. "Huyu mtu umembuni, sivyo?"

Dada Mtunzi akafungua kinywa.

"Usinijibu!" wakili akaruka. "Kama umembuni, nitasema umembuni. Kama yupo, mimi sitaki kumjua. Nikimjua itabidi nijue, na nikijua siwezi kusimama mbele ya baraza nikasema sijui."

Akakusanya karatasi zake, akatoka kinyumenyume.

*

Nyumbani mjomba alikuwa amekaa sakafuni katikati ya vipande vya pasi. Pasi yenyewe haikuwa mbovu asubuhi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Usikanyage hiyo springi. Nimeiona kasoro ya hii pasi: waliotengeneza hawakufikiri."

Alikuwa mzee mfupi, mnene kiasi, mwenye nyusi nzito zilizopanda na kushuka kama zinazungumza peke yake. Katika mfuko wa koti lake hapakukosekana bisibisi. Mkewe alifariki miaka michache nyuma, na tangu hapo vitu vya nyumba ile havikuwa na mtetezi.

Dada Mtunzi alikuwa na ujanja wake. Alipoanza mchezo, meneja alimpa nafasi achague siku, naye akachagua Alhamisi kwa makusudi, kwani kila Alhamisi jioni mjomba alikwenda kwa kinyozi kucheza drafti na wazee wenzake. Kwa hiyo mjomba alijua mpwa wake anaandika "mambo ya redio," na Dada Mtunzi alipenda ajue hivyo hivyo na yaishie hapo.

"Nasikia mmeshtakiwa," mjomba akasema bila kuinua kichwa.

Mkoba ukamponyoka. "Nani kakwambia?"

"Mji wote unajua. Tena nimesikia mna wakili ambaye hana uhakika kama ni wakili. Usijali. Nitakuja."

"Kuja wapi?"

"Barazani. Sheria ya kashfa naijua."

"Umeijulia wapi, mjomba?"

"Inajulikana tu." Akapuliza vumbi kwenye kipande cha pasi, akakitazama, akakitia mfukoni kama kitu kisicho na kazi. "Neno likimsema mtu kwa uongo, ni kosa. Likimsema kwa kweli, si kosa. Lisipomsema mtu, ni hadithi. Kuna nini kigumu hapo? Watu wanasomea miaka mingi."

Dada Mtunzi akamwambia kikao kitakuwa cha kuchosha. Akamwambia viti ni vibaya. Akamwambia huenda watu wasioalikwa hawaruhusiwi, akashtuka kusikia amesema "huenda". Kila sababu aliyoitoa ilimpa mjomba hamu zaidi, na aliposikia viti ni vibaya, akaanza kutafuta nyundo.

*

Baraza lilikutana katika ukumbi mrefu wenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma, na feni ya darini ambayo haikuzunguka tangu iliponunuliwa. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, jaji mstaafu, mwenye sura ya mtu aliyesikiliza uongo wa kila aina na kuupangia madaraja. Wasikilizaji walijaa hadi mlangoni. Mjomba alikaa nyuma kabisa, koti limefungwa vifungo vyote. Dada Mtunzi alimwangalia mara moja tu, akageuka mbele.

Wa kwanza alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye suruali iliyonyooshwa hadi ikawa na makali.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "katika sehemu ya nne huyo anayeitwa Bwana Najua anapokea kadi ya harusi, anaisahihisha kwa wino mwekundu, kisha anairudisha kwa bibi harusi na kumwandikia 'Jitahidi zaidi.' Mheshimiwa, hilo nililifanya mimi! Mji mzima unajua nililifanya mimi!"

Ukumbi ukacheka. Mkaguzi akawatazama kwa jicho la kuwapunguzia alama.

Wa pili, mwenye duka la dawa, alikuwa mtu wa tabasamu la biashara, na alikuja na mkewe kama shahidi. "Sehemu ya saba," akasema. "Bwana Najua anasimamisha watu njiani na kuwaambia ugonjwa walionao kwa kuwaangalia kucha. Nani mwingine anafanya hivyo katika mji huu? Mke wangu atathibitisha."

Mkewe akasimama kwa furaha ambayo mumewe hakuitarajia. "Ni yeye kabisa, mheshimiwa! Kwenye msiba wa jirani alishika mkono wa mfiwa, akaangalia kucha, akamwambia naye hana muda mrefu. Yule mama akazimia. Tena kuna siku nyingine..."

"Inatosha, mke wangu."

"Nimeambiwa nithibitishe, nathibitisha! Siku ya harusi ya mdogo wangu, mheshimiwa, alimwambia bwana harusi ana minyoo. Kwenye kipaza sauti."

Ikabidi mwenyekiti agonge meza mara mbili ndipo ukumbi ukatulia.

Mwalimu wa udereva hakusubiri kuitwa. Alikuwa na shingo nene na sauti ya kupigia kelele gari jingine. "Hawa wanapoteza muda wako, mama mheshimiwa. Bwana Najua ni mimi. Sehemu ya tisa amekaa kiti cha nyuma cha gari la watu, anamwelekeza dereva, kata kushoto, kata kulia, mpaka wanaingia na gari ndani ya duka la viatu. Hilo duka lipo! Viatu vyenyewe hivi hapa!" Akainua mguu kumwonyesha.

"Kaa chini wewe," mkaguzi akamjia juu. "Bwana Najua anazungumza kwa ufasaha. Wewe hata 'malalamiko' umeandika kwa herufi r."

"Na wewe umewahi kuingia na gari dukani? Hata gari huna!"

"Waheshimiwa," mwenye duka la dawa akaingilia kwa upole, "tusigombane. Ni wazi mimi ndiye. Na wewe mwalimu, hizo kucha zako hazinipendezi."

Hapo wakaanza kurushiana maneno wote watatu, kila mmoja akitaja upumbavu aliowahi kuufanya, na mwenzake akimjibu kwa upumbavu mkubwa zaidi. Mkaguzi alisema aliwahi kumsimamisha mhubiri katikati ya mahubiri kwa ajili ya ngeli. Mwalimu wa udereva alisema si kitu, yeye aliwahi kumfundisha rubani. Dada Mtunzi, ambaye alikuja na woga wa mtu anayepelekwa kunyongwa, akajikuta ameshika kalamu na anaandika harakaharaka. Wakili Huenda akampokonya.

Kisha wakili akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nina swali moja kwa walalamikaji. Kila mmoja anasema Bwana Najua ni yeye, kwa sababu mambo anayoyafanya Bwana Najua yeye ameyafanya kweli. Sivyo?"

"Kabisa!" wakasema kwa pamoja.

"Basi mkithibitisha kwamba ni nyinyi, mmethibitisha kwamba ni kweli. Na jambo likiwa kweli, si kashfa. Na kama mambo hayo si ya kweli, basi yule si nyinyi, na hamjakashifiwa." Akavuta tai yake. "Huenda."

Mwalimu wa udereva akatazama viatu vyake kama vimemsaliti.

"Nina ombi," mkaguzi akasema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Je, baraza haliwezi kutamka kwamba ni mimi bila kutamka kwamba ni kweli?"

Mwenyekiti akakisogeza kipaza sauti ili ajibu. Kipaza sauti kikapiga ukelele uliowafanya watu wazibe masikio. Akakigeuza, kikapiga mwingine mbaya zaidi. Na hapo, kutoka nyuma ya ukumbi, Dada Mtunzi akasikia kiti kinasukumwa, hatua fupi za haraka zinakuja, na sauti aliyoijua tangu akiwa na sare ya shule.

"Sogeeni, mpeni nafasi anayejua!"

Ukumbi mzima ukageuka.

Mjomba alipita katikati yao akiwa ameshakunja mkono mmoja wa shati, bisibisi mkononi. "Samahani, mheshimiwa, usihangaike. Hicho kimefungwa nyaya vibaya. Kosa dogo sana. Watu hawafikiri." Kabla mtu hajasema lolote alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya baraza, akavuta waya mmoja, akauunga na mwingine, akagonga kitu kwa mpini wa bisibisi.

Kipaza sauti kikakata roho. Lakini ile feni ya darini ikashtuka, ikatoa mlio kama ng'ombe anayeamshwa, ikaanza kuzunguka kwa kasi ambayo hata aliyeitengeneza hakuikusudia. Karatasi za baraza zikaruka. Vielelezo vikaruka. Kitambaa cha kijani kikamfunika wakili Huenda kichwa kizima, na barua ya mwalimu wa udereva, yenye ile herufi r, ikatokea dirishani na kwenda zake.

Mjomba akatoka chini ya meza, akatazama juu, nyusi zikapanda. "Hiyo feni ilikuwa mbovu? Basi imepona. Mnaona."

Mke wa mwenye duka la dawa hakuvumilia. Alisimama, mkono kifuani, akamnyooshea mjomba kidole kama aliyeona mtu aliyetoka redioni.

"Ndiye huyu," akasema. "Mume wangu, nisamehe. Ndiye huyu."

Fundi akaletwa, feni ikazimwa, karatasi zikaokotwa, na mwenyekiti akamwita mjomba mbele.

"Wewe ni nani, mzee wangu?"

"Mimi ni mjomba wa huyu mtunzi, mheshimiwa."

Wakili Huenda, aliyekuwa anajinasua kwenye kitambaa, akaamua kubaki humo humo.

Dada Mtunzi hakuona pa kujificha. Mwenyekiti alimtazama, akamtazama mjomba, akamtazama tena. "Mzee," akasema, "katika chumba hiki kuna watu watatu wanaodai mchezo huu unawahusu. Mimi naona kama kuna wa nne, asiyedai. Sikulazimishi. Nakuuliza tu. Una malalamiko?"

"Ninayo, mheshimiwa," mjomba akasema. "Sehemu ya pili."

Dada Mtunzi akafumba macho. Sehemu ya pili ilikuwa ile ya maji. Bwana Najua anakuja na hakuna aliyemwita, anaizungusha koki ya jirani, na nyumba nzima inaelea hadi kuku wanapanda juu ya kabati.

"Katika sehemu ile," mjomba akaendelea, akihesabu maneno yake, "inasemekana Bwana Najua aliizungusha koki kushoto. Si kweli. Sikuizungusha kushoto. Niliizungusha kulia, kama inavyopaswa kwa koki ya aina ile. Ilikatika yenyewe. Jina langu waliseme watakavyo, mheshimiwa, hata la kubuni. Lakini fundi gani anazungusha kushoto? Hapo nimeonewa."

Watu hawakucheka mara moja. Ilibidi kwanza waelewe.

"Kwa hiyo unausikiliza mchezo huu?" mwenyekiti akauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Kwa kinyozi tunaacha drafti, tunafungulia redio. Wenzangu wameniambia nilalamike kuhusu koki, nikawaambia nitasubiri nafasi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Hata mwalimu wa udereva alicheka, ingawa alijizuia alipokumbuka amepoteza cheo. Mkaguzi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mjomba kwa wivu wa wazi kabisa.

Mwenyekiti akatoa uamuzi wake palepale. Alisema vazi linalowatosha watu watatu wa maumbo tofauti halikushonwa kwa ajili ya yeyote kati yao, na malalamiko yao yametupwa. Alisema mtunzi ana uhuru wa kuwachekesha watu kwa tabia za watu, la sivyo tungebaki kuchekana kwa sura, na hilo ndilo baya zaidi. Ila uhuru huo una ukuta wake: usimbebeshe mtu anayejulikana jambo la uongo linalomvunjia heshima. "Na huyu mzee," akasema, "sasa anajulikana. Kwa hiyo suala la koki ni suala la haki. Kituo kimpe nafasi ya kusahihisha hewani."

Wakili Huenda akatoa kichwa kwenye kitambaa. "Mheshimiwa! Koki ile ni ya kubuni! Mtu hawezi kusahihisha kitu ambacho hakikutokea!"

"Huenda," akasema mwenyekiti, akafunga kikao.

*

Walirudi kwa miguu, Dada Mtunzi na mjomba wake, wakipita kandokando ya maduka. Dada Mtunzi alisubiri karipio. Alisubiri mpaka wakapita kwenye kibanda cha magazeti, na lile duka la viatu lenye mlango mpya, na karipio halikuja.

"Mjomba, nisamehe. Nilipaswa kukuuliza."

"Ulipaswa. Ningekusaidia kuandika." Akatembea kidogo. "Ile ya kabati, kwa mfano, umeacha nusu nzima. Lilipoanguka liliangukia nini? Hukusema."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika Alhamisi ya kwanza. Nilitoka kwa kinyozi bila kumaliza kunyolewa, hukuona? Ulidhani ni mtindo." Akapangusa paji la uso. "Nikawa nimepanga kukusema ukirudi. Halafu nikakumbuka yule mke wake. Yule mke wa Bwana Najua anacheka kama mkazamjomba wako."

Dada Mtunzi mwenyewe ndiye aliyemwambia yule mwigizaji acheke hivyo, kupanda na kushuka, akarudia naye mpaka kikawa chenyewe, na hakuwahi kumweleza mtu kwa nini.

"Alikuwa ananicheka hivyo hivyo," mjomba akasema. "Kitu kikivunjika yeye haulizi kimevunjika nini, anakaa chini kwanza acheke. Mimi nilikuwa nakasirika sana. Sasa kila Alhamisi wazee wenzangu wanasubiri kuvunjika, mimi nasubiri hapo baada ya kuvunjika." Akamgeukia, nyusi zimeshuka. "Ila anamjibu mumewe mno."

"Alikuwa anakujibu mno, mjomba."

"Najua. Nimesema tu."

*

Sahihisho lilitangazwa Alhamisi iliyofuata, kabla ya mchezo, na mjomba alilisoma mwenyewe. Wakili Huenda alikuwa amelikata mpaka likabaki fupi kama salamu, na alisimama nyuma ya kioo na fundi mitambo, mkono karibu na swichi ya kukata sauti. Meneja naye alisimama. Dada Mtunzi alikaa ndani ya studio pembeni ya mjomba.

Mjomba akasoma neno kwa neno, taratibu, bila kuongeza hata nukta: kwamba katika sehemu ya pili koki ilidaiwa kuzungushwa kushoto, kwamba ilizungushwa kulia, na kwamba yeyote aliyedhani vinginevyo sasa afikiri upya. Akaweka karatasi chini. Wakili akatoa mkono kwenye swichi, akaegemea godoro, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akaonekana kama mtu aliyelala vizuri.

Simu za kituo zilianza kulia hapohapo. Wasikilizaji walitaka kujua koki ya aina gani, na kama huyo mzee anaweza kupita nyumbani kwao, na wengine kama anaweza kuzuiwa asipite. Meneja alizipokea mpaka akachoka, akaziacha zilie.

Mchezo ukaanza. Mjomba hakutaka kutoka. Alikaa kwenye kiti chake na vipokea sauti masikioni, mikono juu ya magoti, akimsikiliza Bwana Najua akimwelekeza mtu namna ya kuning'iniza picha ukutani. Nyundo ikagonga. Ukuta ukajibu. Kikafuata kile kicheko, kirefu, cha kupanda na kushuka, na mjomba akacheka nacho, kimyakimya ili asiharibu, mabega yakimtikisika mpaka kiti kikalia. Dada Mtunzi aliacha kufuatilia maandishi yake, akamtazama yeye.

Ulipoisha, mjomba akavua vile vipokea sauti na kujifuta macho.

"Msumari," akasema. "Unaanguka mapema mno. Picha ianguke kwanza, watu wapumue, ndipo msumari."

Dada Mtunzi akaandika pembeni ya ukurasa: msumari baadaye. Akausoma ule mstari, akafikiri, akaufuta.

"Umeufuta?"

"Nimeufuta, mjomba."

"Sawa," mjomba akasema, akainuka kutafuta kofia yake. "Umekosea, lakini sawa."